Miaka Minne ya Nyaguthii, Mitano Yangu

Gereza la Kitale
17 Agosti 1986

Kwa dada Lenah,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima kama mimi nilivyo mzima, ikiwa mtu anaweza kuitwa mzima huku amevaa nguo za milia na analima mahindi ambayo hatayachoma. Kifua chako je? Na wale watoto wa darasa la tatu, bado wanakuogopa?

Sitazunguka. Tarehe mbili Juni ulikuwa pale kortini Bungoma, ulisikia mwenyewe. Hakimu alisema miaka mitano kwa kuvunja nyumba yako, akafunga faili, akaenda zake kunywa chai. Hakusema kama hiyo mitano itakwenda pamoja na ile minne niliyopewa hapa Kitale mwezi wa tatu, kwa ajili ya cherehani ya yule mama Nyaguthii. Mimi nikajua miaka ni miaka, inakwenda tu yote kwa wakati mmoja. Nilipofika ofisi ya rekodi, karani akaniambia, "Wewe una tisa." Nikamwambia, "Mitano." Akacheka mpaka akashika meza. Ati hakimu akinyamaza, sheria inajipanga yenyewe: kifungo kimoja kikiisha ndipo kingine kinaanza.

Sasa ona. Ukiwa na tabia nzuri wanakupunguzia theluthi. Vifungo vyangu vikienda pamoja, natoka Oktoba 1989. Vikifuatana, natoka Machi 1992. Ninalala karibu na mtu mmoja wa Cherangany anaitwa Kipsang. Yeye alivunja maduka matatu usiku mmoja, akapewa sita kwa kila duka, na anatumikia sita basi. Mimi nyumba mbili, miaka tisa! Hiyo ni hesabu ya wapi?

Nimekata rufaa. Wewe ndiwe mlalamikaji wa kesi ya Bungoma. Andikia Mahakama Kuu maneno mawili tu, kwamba huna kinyongo na unaomba vifungo vitumikiwe pamoja. Kalamu unashika kila siku, si kazi kubwa kwako.

Afisa anayesoma barua hii kabla yako, namsalimu pia.

Mimi mdogo wako,
Mukhisa


Bokoli
5 Septemba 1986

Kwa Mukhisa,

Salamu. Mimi ni mzima. Kifua changu kiache, hukusomea udaktari.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno "samahani". Mara ya pili nilifikiri labda afisa wa jela amelifuta, maana nasikia hufuta maneno mabaya. Sikuona wino.

Nikukumbushe, kwa sababu naona umepumzika sana huko. Novemba mwaka jana nilikuwa Lugulu, nalala sakafuni kando ya kitanda cha mama hospitalini. Ulikuja Jumatano. Ulimtazama mama kama mtu anayetazama saa. Kisha ukaniuliza, "Nyumbani umemwachia nani?" Nikakuambia nimefunga tu kwa kufuli. Nilidhani unanihurumia, mjinga mimi. Siku mbili baadaye nyumba yangu ilikuwa wazi. Mama alipokufa ulibeba jeneza upande wa mbele, ukalia kuliko wote. Krismasi ulikaa mezani kwangu, ukala paja la kuku, ukamlaani mwizi. "Huyo mtu akishikwa akatwe mkono," ulisema, na mchuzi unakutiririka kidevuni.

Redio yangu na mablanketi polisi walivikuta chumbani mwako Kitale. Sanduku la bati halijaonekana. Ndani yake hamkuwa na kitu cha kumfaa mtu yeyote duniani isipokuwa mimi: cheti cha ualimu na vyeti vyangu vya shule. Mwezi wa tano niliitwa kwenye mahojiano ya kupandishwa cheo. "Mwalimu, leta vyeti." "Vimeibiwa." "Na nani?" "Na ndugu yangu." Watu watatu mezani wakatazamana, mmoja akakohoa. Kazi alipewa Edah, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika chaki. Sasa ananiuliza kwa nini nimechelewa.

Tuje kwa hesabu, kwa kuwa umeuliza ni ya wapi. Huyo Kipsang wako alitoka nyumbani mara moja na ubaya mmoja, akapita milango mitatu. Wewe ulinivunjia mimi Novemba, ukazika mama, ukala Krismasi, ukapumzika Januari yote, ndipo Februari ukaenda kumvunjia Nyaguthii katika mji mwingine. Miaka minne ni ya Nyaguthii. Mitano ni yangu. Sasa unataka kila siku unayokaa kwa ajili yake iwe umekaa kwa ajili yangu pia. Ukitoka Oktoba hiyo yako, nitauliza kifungo changu kilikuwa lini, na hakuna atakayenionyesha zaidi ya miezi kumi na moja ya mwisho. Utakuwa umenivunjia mara ya pili, na safari hii unaomba nikushikie taa.

Sitaandika kwa Mahakama Kuu.

Dada yako,
Lenah


Gereza la Kitale
12 Oktoba 1986

Bi. Mwalimu,

Sikuulizi hali. Mtu anayeandika vile hana shida ya kiafya.

Nimesomea wenzangu barua yako. Mmoja amenyonga mtu Kamukuywa, na hata yeye alitikisa kichwa. "Huyo ni dada wa tumbo moja?" aliuliza. Nikasema ndiyo, lakini amesoma.

Hayo masomo yako tusiyasahau basi, kwa vile unapenda kukumbusha. Baba aliuza fahali wa mwisho ukaenda chuo. Mimi nikaambiwa nikae nyumbani nichunge ng'ombe, na ng'ombe wenyewe hawapo tena. Kila ukirudi likizo ulikuwa unasahihisha maneno yangu mbele ya watu. Ati si "ng'ombe zangu", ni "ng'ombe wangu". Wangu gani, bana? Ungenionyesha mmoja.

Kaa na miaka yako mitano. Itundike ukutani ambapo cheti kilikuwa. Usiniandikie tena, na mimi sitakuandikia.

Aliyekuwa mdogo wako,
Mukhisa


Gereza la Kitale
10 Novemba 1988

Dada Lenah,

Najua nilisema sitaandika. Habari za miaka miwili?

Rufaa yangu bado. Mara faili haijapigwa chapa, mara jaji yuko likizo. Lakini sikuandikii kwa hilo.

Asubuhi ya leo nilipita ofisi ya rekodi nikienda kuchukua jembe. Karani, yuleyule wa kucheka, akafungua kitabu chake akanionyesha kwa kidole. Minne ya Nyaguthii, ukitoa theluthi, imeisha jana. Wenzangu wenye kifungo kimoja cha minne waliopewa siku ileile wametoka leo kupitia geti, nimewaona na viatu vyao mkononi. Mimi nikaelekezwa shambani.

Kwa hivyo furahi. Leo nimeanza yako. Kutoka leo hadi Machi 1992 sifanyi kazi ya mtu mwingine. Nikilima, ni yako. Nikihesabiwa asubuhi na jioni, nahesabiwa kwa jina lako. Leo uji ulikuwa na wadudu, nikawaondoa mmoja mmoja nikisema, huyu wa Mwalimu, huyu wa Mwalimu.

Nilitaka tu ujue tarehe, usije ukauliza tena kifungo chako kilikuwa lini.

Mdogo wako,
Mukhisa


Bokoli
22 Januari 1989

Kwa Mukhisa,

Salamu. Nimeugua malaria mwezi wa kumi na mbili, nimepona. Huko kuna baridi, najua, jifunike kifua.

Barua yako ilinifikia siku ya kufunga shule. Niliisoma nikacheka. Nikasema vizuri, hatimaye huyu mtu anafanya kazi. Niliiweka chini ya godoro, na tangu siku hiyo sijalala sawasawa. Naamka, nawasha moto, na kitu cha kwanza kichwani ni kwamba huko Kitale wanakuhesabu kwa jina langu. Nafundisha kutoa na kujumlisha, nasahau nilipofika. Nilidhani mitano hiyo ni kitu nitakachopewa. Kumbe ni kitu cha kulishwa kila siku, na anayekilisha ni mimi.

Nikaona nimtafute yule mwenzangu. Wiki ya kwanza ya Januari nilikwenda Kitale nikamuulizia Nyaguthii. Anashona kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Cherehani yake uliitupa ulipokuwa unafukuzwa, hujasahau, gurudumu likapasuka. Ana ya kuazima, anapewa pale mwenye nayo asipoitumia. Siku hiyo alikuwa anashona kwa mkono.

Nikamwambia mimi ni dada wa yule aliyemvunjia. Hakuacha kushona.

"Amekufa?"

"Hapana."

"Sasa umefuata nini?"

Nikamwambia miaka yake minne imeisha. Akakata uzi kwa meno. "Kwani ilikuwa minne? Mimi nilitoa ushahidi nikarudi kazini. Hakuna mtu alinieleza. Mimi si nilitaka cherehani tu, miaka nitaishonea nini?"

Nikamwambia sasa umeanza ya kwangu, mitano. Hapo ndipo aliinua macho.

"Na unasikiaje?"

Mimi, Mwalimu, nikaokota kipande cha uzi alichokata, nikakizungusha kidoleni.

"Mimi sikuwa hata najua nina mtu ndani," akasema. "Wewe unajua. Pole."

Mukhisa, sijawahi kupewa pole iliyonidharau namna ile. Nilirudi Bokoli nikaketi nikaandika kwa Mahakama Kuu. Usishangilie. Nakala nimeiweka, nakunukulia sehemu usije ukasikia kwa wengine: "Mimi ndiye mlalamikaji. Mshtakiwa ni ndugu yangu. Sijamsamehe na hajaniomba. Ni mwizi mdogo, asiye na akili hata ya kuchagua cha kuiba: aliacha saa ya marehemu mume wangu mezani, akabeba sanduku la karatasi. Mtu wa namna hiyo hahitaji miaka tisa ili aeleweke. Naomba vifungo vyake vitumikiwe pamoja, kwa sababu sitaki tena kuwa na mfungwa."

Hivyo ndivyo ninavyokuona. Kama jaji atakubali, utatoka Oktoba, na usipite Bokoli.

Dada yako,
Lenah


Gereza la Kitale
2 Julai 1989

Dada Lenah,

Mulembe. Mimi mzima, nimekonda kidogo. Natumaini malaria haikurudi.

Rufaa imesikizwa Jumanne iliyopita. Walitubeba kwa lori kwenda Kakamega, watu kumi na wanane tumefungwa wawili wawili. Nakuandikia yote kama yalivyokuwa, kwa sababu mtu mwingine hatakuambia vizuri.

Jaji ni mzee mfupi mwenye miwani. Anaongea Kiingereza polepole, na mkalimani anakimbia nyuma yake. Akaniuliza kwa nini nataka makosa mawili yahesabiwe kama moja. Nikasema vile Kipsang alinifundisha: "Mtukufu, nilikuwa na shida, nilikuwa naiba tu hapa na pale. Ni shida moja."

Wakili wa serikali akasimama. "Miji miwili, miezi mitatu katikati, wanawake wawili. Hakuna kinachounganisha makosa haya isipokuwa huyu aliyeyafanya."

Jaji akachukua barua yako. Akaisoma kimya, akarudia. "Huyu Lenah ni nani kwako?"

"Ni dada yangu."

Akavua miwani. "Barua yake haikusifu."

Watu wakacheka, hata askari aliyenishika pingu. Mkalimani akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno. Mwizi mdogo asiye na akili hata ya kuchagua cha kuiba. Kortini walikuwepo wezi wa ng'ombe, mtu aliyechoma nyumba na watu ndani, na wote wakanigeukia kuniona mimi ndiye mdogo.

Jaji akasema, "Hata hivyo, anakuombea, na uwezo wa kuviunganisha ninao. Niambie kitu kimoja. Hilo sanduku la bati, ulidhani lina nini?"

Dada, neno lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema "pesa" ningekuwa nyumbani Oktoba. Mwizi mwenye shida, aliyedhani kuna pesa, akakuta karatasi. Kila mtu angeelewa.

Nikasema, "Sikudhani. Nilijua ni vyeti. Hivyo vyeti ndivyo nilivyovifuata. Redio na mablanketi nilichukua ionekane ni wizi."

Mkalimani hakutafsiri. Aliniinamia akaniuliza kwa Kibukusu kama nimechanganyikiwa. Nikarudia. Akatafsiri.

"Viko wapi?"

"Mto Kuywa. Nilivitoa kimoja kimoja nikavitupa. Nilitaka siku moja aulizwe kitu, akose cha kuonyesha. Kama mimi."

Jaji aliandika muda mrefu. Kisha, bila kuniangalia: "Na kwa Nyaguthii?"

"Kwa Nyaguthii nilitaka cherehani, niuze nile."

"Basi hayo si makosa ya shida moja," akasema. "Moja ni la tumbo. Lingine sijui ni la nini, lakini halikuwa njaa." Rufaa ikatupwa. Kila kifungo kisimame peke yake. Nilikuwa kortini kwa dakika ambazo hazifiki ishirini.

Kipsang hajaongea na mimi tangu turudi. Anawaambia wenzetu hajawahi kuona mpumbavu wa aina hii tangu aanze jela, na ameanza zamani.

Usidhani nimeokoka. Kasisi wa hapa alikuja kunipongeza nikamfukuza. Sikusema kwa sababu ya Mungu wala kwa sababu yako. Ni kwamba ulinidharau kwa kosa ambalo si langu. Wewe umekaa miaka mitatu ukinichukia kama mtu aliyekosea sanduku. Mimi sikukosea. Kama utanichukia, chukia mtu mwenyewe.

Ni hivyo. Machi 1992. Samahani kuhusu mama, kwamba nilikuuliza pale kitandani pake.

Mdogo wako,
Mukhisa


Bokoli
16 Februari 1992

Kwa Mukhisa, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini bado uko Kitale na hawajakuhamisha, na kwamba una afya. Mimi nina afya, ila macho yameanza kuchoka, nasahihisha madaftari nikiyasogeza mbali kama mtu anayeogopa harufu.

Barua yako ya 1989 sikuijibu. Nilianza mara nne. Mara ya kwanza nilikutukana kurasa sita. Ya pili nilitukana baba. Ya tatu nilitaka kukuambia kwamba siku ya kwenda chuo, baba aliponiita, nilisikia unalia nyuma ya jiko, na nikabeba sanduku langu nikatoka kwa mlango wa mbele ili nisipite hapo. Ya nne ilikuwa na salamu peke yake. Zote nilizichoma. Miaka miwili na nusu nimekuwa nikikuchukia kama ulivyotaka, mtu mwenyewe, na nikubali kwamba ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Yule mwizi mjinga alikuwa mwepesi kumchukia. Huyu anafanana nami.

Usije ukaona nimelainika. Ulichonifanyia ni kibaya kuliko nilivyojua, na jaji alifanya sawa. Edah bado ni mkubwa wangu, na bado ananiuliza kwa nini nimechelewa.

Kuna mambo ya kukuambia kabla ya Machi. Huku kuna vurugu za makabila. Watu wameteremka kutoka mlimani, nyumba zao zimechomwa, wamejaa shuleni na kanisani. Kwangu nimepokea mama mmoja, Chepchumba, na binti zake wawili. Nyuma ya nyumba wengine walisema kwa sauti kwamba nimeleta watu wa kabila la wale waliochoma. Nikawaambia mimi nimewahi kuibiwa na mtu wa nyumbani, sasa nijaribu wageni. Kwa hivyo vitanda vimejaa. Nafasi iliyobaki ni jikoni, kando ya kuni.

Sitakuja getini. Nina darasa siku hiyo, na hata kama ningekuwa sina, sijui ningekuangalia vipi mbele ya maaskari. Panda gari mwenyewe hadi Webuye, ukate kwa miguu.

Nyumba ina kufuli mpya na komeo kwa ndani. Njoo mchana, kila mtu akikuona. Piga hodi, kisha ngoja. Usisukume, usizunguke nyuma, usimwite mtu. Inawezekana nitachelewa kufungua, kwa sababu nitakuwa nimesimama dirishani nakuangalia kwanza, na sijui nitakuangalia kwa muda gani. Wewe ngoja tu hapo.

Dada yako,
Lenah